Ngoma-Mia Haili Pilau

Wiki iliyopita niliishia pale mjomba wangu, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, alipojitolea kuvua kanzu na kujikunja ndani ya boksi la spika. Baadhi yenu mmenipigia simu mkanitukana. Nimestahili. Lakini wapo ambao gazeti lao lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, kwa hiyo nawarudisha nyuma kidogo.

Mimi ni Anwar, mpiga kinanda wa Nyota ya Kilungule, kundi la Bi Rukaiya wa Mbagala. Tunapiga kwenye shughuli za akina mama. Mjomba Jabiri ndiye mpiga ngoma wetu: ngoma tatu, mtu mmoja. Mama yangu alipofariki ni yeye aliyenilea, na ni yeye aliyenishika mkono kunipeleka kwa Bi Rukaiya, wakati huo sijui hata kinanda kinawashiwa wapi.

Tarehe mosi Aprili mimi na Didas, fundi wetu wa mitambo, tulikuwa hatuna kazi. Tukachukua boksi tupu la spika, lile kubwa la besi, tukaweka kinanda juu yake, tukalizungushia taa za rangi, tukapiga picha. Nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wanamuziki wa shughuli na tangazo chini yake: kimeingia chombo kipya cha umeme, kinaitwa Ngoma-Mia, kina ngoma zote za pwani na bara na kinapiga kama mkono wa mtu. Nikamalizia kwa maneno nitakayoyajutia mpaka naingia kaburini: "Ngoma-Mia haili pilau, haichelewi, haidai nauli."

Nilitegemea kicheko, nikapata kilio.

Mpiga marimba mmoja wa Manzese aliandika kwamba tangu aone ile picha chakula hakipiti. Mama mmoja wa Tandika, mpiga matari, akauliza kama chombo kinapiga na vigelegele, kwa sababu kama kinapiga na vigelegele yeye anarudi kukaanga samaki. Jamaa wa Chanika akatuma sauti: "Mie ngoma zangu nimeshaziuza, nimenunua mbuzi. Bora nimewahi." Wapiga gitaa ndio waliofurahi. Walisema dawa ya wapiga ngoma imepatikana, wakachekana mpaka jioni, mpaka mmoja wao akauliza kama na Gitaa-Mia iko njiani. Wakanyamaza.

Kesho yake nikaandika: "Jamani, jana ilikuwa Siku ya Wajinga. Hakuna chombo."

Nani aliniamini?

"Anatuzuga huyo."

"Kapewa peke yake, anataka kula peke yake."

"Wazaramo bwana! Choyo mpaka cha umeme!" Huyu alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu, kwa hiyo sikuwa na pa kumshtaki.

Mchana Bi Rukaiya akapiga simu. "Umefanya la maana kuwakanushia. Waache walale. Hicho chombo ni chetu sie peke yetu."

"Mama, chombo kweli hakipo."

"Hivyo hivyo. Yeyote akikuuliza mjibu hivyo hivyo."

Kila nilivyokana ndivyo alivyozidi kunisifu. Jumatano, mbele ya kundi zima, alimwambia mjomba: "Mzee Jabiri, umetumika sana, sasa upumzike." Mimi akaniambia pembeni kwamba ameshamwahidi mama mmoja wa Kinyerezi, anayemtoa mwali wake Jumamosi, na kama chombo hakitaonekana, mimi na mjomba wangu tukatafute jembe. Kikionekana, atamfikiria mzee, hata kwa kubeba vyombo.

Nikaenda kwa mjomba nikamdanganya. Nilimwambia chombo niliagiza, ila muuzaji alikuwa tapeli, hakuleta kitu. Sikuweza kutamka kwamba kilichomtoa kazini ni mzaha wangu mwenyewe.

Hakuniuliza mara mbili. "Pole, mwanangu," alisema. "Boksi si lipo? Mie mwili wenyewe ndio huu. Nitaingia nipige, wewe ujifanye ndiyo mashine. Kazi yako isipotee kwa ajili ya tapeli."

Hapo ndipo nilipowaacha.

Sasa, karakana ya Didas, Jumamosi, saa saba mchana. Mjomba alikuwa ameshapasha ngoma zake moto kwa makuti makavu, akazipiga kidole moja moja, akaridhika. Ngozi ya mbuzi ina tabia yake. Ikipata joto inakaza na sauti inakuwa nyembamba na kali, ikipata unyevu inalegea na kuguna. Tukamuwekea ngoma zake humo ndani, na chupa ya maji, na kipande cha godoro. Akaingia. Magoti yalimfika kidevuni.

Didas alichukua bisibisi akafunga ubao wa nyuma kwa skrubu nne.

"Mzee, unapumua?" aliuliza.

"Napumua. Fungeni, twende."

"Didas, acha hata skrubu mbili," nilisema.

"Braza, ngoma ikipigwa humo ubao utadondoka mbele za watu. Unataka noma?"

Sikutaka noma. Tukalipakia boksi kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, na njia nzima nilikaa nyuma, mkono wangu juu ya kile kitambaa cheusi cha mbele. Kila tulipopita kwenye tuta nilisikia kichwa cha mjomba kikigonga mbao. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kinyerezi tulikuta turubai limeshafungwa, jua limelala juu yake, chini yake akina mama wamejaa na sare zao za njano. Vijana wanne wa pale nyumbani wakaja kushusha boksi.

"Mbona zito hivi?"

"Umeme mzito, mdogo wangu," alisema Didas. "Wewe beba tu."

Bi Rukaiya alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, udi unamfuka. Akaja kukizunguka chombo kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akakigusa.

"Mbona kina joto?"

"Kinajipasha, mama. Vyombo vya umeme ndivyo vilivyo."

"Kipige nisikie."

Niligusa kinanda juu ya boksi kwa kidole kimoja. Ndani ya boksi mjomba aliachia ngoma ndogo, akaifuata ya kati, akaishukia kubwa. Watu wakageuka. Mama wa mwali alishika kiuno papo hapo na sinia la vitumbua likiwa mkononi.

"Yesu na Maria," Didas alininong'oneza, "mzee yuko vizuri."

Wimbo wa kwanza ulikwenda kama maji ya mteremko. Wa pili ndiyo kabisa. Wanamuziki wawili watatu wa makundi mengine walikuja kwa kudoea, wakasimama kwenye kona ya turubai na simu zao juu, wakirekodi. Mmoja nilimfahamu, mpiga ngoma wa Ubungo. Alikuwa analia, kweli kabisa, machozi yanamtoka na hayafuti. Nilitazama pembeni.

Katikati ya wimbo wa pili Bi Rukaiya alisimamisha uimbaji ili ajisifu, kama ilivyo desturi yake.

"Nyie si mlisema Nyota ya Kilungule imezeeka? Haya! Leo mnamwona mzee humu? Mpigeni jicho, mnamwona?"

"Hatumwoniii!" akina mama waliitikia.

Ndani ya boksi pigo moja liliruka. Moja tu. Mwingine asingelisikia. Kisha mjomba akarudi na pigo ambalo sijawahi kumsikia akilipiga, sio msibani wala harusini. Mjomba wangu akikasirika hapigi watu, anapiga ngoma, na siku hiyo aliipiga mpaka kungwi mwenyewe, bibi wa miaka themanini, aliacha kiti chake. Nilijisikia fahari. Halafu nikakumbuka fahari ile ninaisimamia wapi, nikatamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa wimbo wa tatu ngoma kubwa ilipoanza kuguna.

Kwanza nilidhani ni masikio yangu. Lakini iliguna tena, chini, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikajua. Mtu amefungiwa ndani ya mbao saa tisa ya jua la Aprili, jasho linamtiririka, linadondokea kwenye ngozi. Angekuwa nje angesimama, angewasha makuti yake mawili, angezipasha, na akina mama wangemsubiri kwa utani na soda. Humo ndani hakukuwa na makuti.

Niliinama nikajifanya natengeneza waya. "Mjomba, vipi?"

"Zimelowa," sauti yake ilitoka kwenye kitambaa. "Na mimi nimelowa. Fupisha nyimbo."

Nikamwonyesha Bi Rukaiya ishara ya kumaliza. Hakuiona, au aliiona akaipuuza. Ila shingo yake iligeuka. Mwanamke yule ameimba mbele ya ngoma miaka thelathini. Alimaliza ubeti, akampa maiki mshereheshaji, akawaambia watu wamtunze mwali kwanza, kisha akaja kwangu akitabasamu mdomo tu, macho hayamo.

"Anwar."

"Naam, mama."

"Hiyo ngoma imelegea."

"Nitaikaza." Nikazungusha kitufe cha sauti.

"Mwanangu, mie nimezaliwa uswahilini, sikuzaliwa jana. Ngoma ya umeme inalegea?"

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Nani yumo humo?"

"Mama..."

"Nimekuuliza nani yumo humo."

"Mjomba," nilisema. "Ni Mjomba Jabiri."

Niliona rangi ikimtoka chini ya poda. Alitazama boksi, akatazama wageni, akatazama zile simu kwenye kona. Akaegemea kinanda kwa kiwiko ili tuonekane tunaongea mambo ya kazi.

"Na chombo chenyewe kiko wapi?"

Hapo mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nadhani nilikuwa nimechoka kuongopa. Siku tisa nyuma nilikuwa nimemwambia ukweli kwa simu hakuusikia, sasa nikamwambia tena uso kwa uso, na mara hii akausikia.

"Hakipo, mama. Hakijawahi kuwepo. Lile tangazo niliandika mimi na Didas. Ile picha tulipiga kwa Didas, ni boksi hili hili. Ilikuwa Siku ya Wajinga, tulikuwa tunataniana tu."

"Na hayo ya kutapeliwa, aliyokuwa anayasimulia mjomba wako kwa majirani, nikadhani ni ya kuwazuga watu?"

"Hakuna aliyenitapeli. Nilimdanganya. Niliona aibu kumwambia kwamba kilichomtoa kazini ni mzaha wangu."

Nilipomaliza kusema hivyo ndipo nilipohisi joto kwenye paja langu. Nilikuwa nimeegemea boksi. Kile kitambaa cheusi kilikuwa shibiri moja tu kutoka kwetu, na mjomba alikuwa nyuma yake.

Ndani hakukusikika kitu. Hata kupumua.

"Mama," nilisema kwa kunong'ona, "tumtoe. Naomba. Tuseme chombo kimeharibika. Vyombo vinaharibika kila siku."

"Utasema wewe kwenye maiki?"

"Nitasema."

"Halafu wale wa kwenye kona wanaorekodi watake kuona ndani kimeharibika nini. Halafu akina mama mia mbili wamwone mzee wa watu na singlendi anatolewa kwenye boksi la spika. Na mie ndiye niliyewaambia wampige jicho. Nitapita wapi Mbagala mie?"

"Mama, atazimia."

"Hajazimia." Akavuta mtandio wake vizuri. Alikuwa anawaza, nilimwona anawaza, na kilichokuja usoni mwake kilinitisha kuliko hasira. "Sikiliza. Mama wa mwali ameshaniletea watu saba wanaotaka tarehe. Saba, Anwar, na ngoma haijaisha. Kila mmoja anataka chombo. Maji tumeshayavulia nguo, sharti tuyaoge."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha kipo. Leo kipo. Na Jumamosi ijayo kipo, na ile nyingine. Didas atatoboa matundu zaidi ya hewa."

"Ana miaka sitini na mbili!"

"Kwani nilimwingiza mie? Si aliingia kwa miguu yake, kukuokoa wewe?"

Nilimtafuta Didas kwa macho.

Akainama kidogo, kama anayefuta vumbi kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile anayoitumia kwa wafiwa: "Mzee Jabiri, unanisikia? Umerudi kazini."



Alirudi mbele. Mshereheshaji akampa maiki, akina mama wakapiga vigelegele, mwali akanyanyuliwa mkekani na shangazi zake. Bi Rukaiya akaachia wimbo wa kumtoa mwali, ule ambao hauanzi bila ngoma. Hiyo ni desturi, kila mtu pale anaijua. Anaita mara moja, ngoma inaitika, ndipo mwali anapiga hatua.

Akaita.

Ngoma haikuitika.

Niligonga boksi taratibu kwa kisigino. "Mjomba."

Akaita tena, sasa ameniangalia. Shangazi wa mwali walikuwa wamesimama mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Mama wa mwali alianza kukunja uso. Kule kwenye kona yule wa Ubungo alishusha simu yake akanyoosha shingo, na niliona kwamba anaanza kufikiri.

Didas alikuwa upande wa pili wa turubai kwenye mitambo yake, bisibisi imetokeza kwenye mfuko wa shati. Akina mama mia mbili kati yetu. Aliniuliza kwa mikono: vipi?

Ningeweza kusema. Maiki yangu ndogo ilikuwa hapo hapo, imewashwa. Maneno matatu tu: "Kuna mtu ndani." Nimeyarudia kichwani tangu siku ile zaidi ya nilivyowahi kurudia dua yoyote.

Badala yake kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kile kitufe cha pembeni.

Kila kinanda cha bei rahisi kina kitufe hicho. Unakibonyeza, kinapiga ngoma zake chenyewe, zile za kiwandani, ta-ka-ta-ka. Mjomba alikuwa akikisikia anasema ni kuku anadonoa bati. Katika miaka kumi na moja ya kupiga naye sijawahi kukitumia. Ingekuwa kumtukana.

Nikakibonyeza.

Mwali akapiga hatua. Shangazi wakageuka nyonga. Vigelegele vikapanda, noti zikaanza kurushwa, mama wa mwali alisahau alichokuwa amekunjia uso. Bi Rukaiya akafumba macho akaimba. Hata yule wa Ubungo alinyanyua tena simu yake, akaendelea kurekodi na kulia.

Nilingoja mtu mmoja aseme hii siyo ngoma. Mmoja tu. Kungwi wa miaka themanini alikuwa anacheza mbele yangu kabisa, na alikuwa anacheka.

"Anwar."

Sauti ilitoka chini, kwenye kitambaa. Kavu, haina hasira hata kidogo. Heri ingekuwa na hasira.

"Naam, mjomba."

"Hicho kinachopiga ni nini?"

"Ni kinanda, mjomba. Kile kitufe."

Nilijua anasikiliza. Nilijua anasikiliza miguu.

"Na wao wanacheza?"

Vigelegele vilimjibu.

"Kumbe Ngoma-Mia ipo," alisema mjomba. "Hukuwadanganya watu, mwanangu. Ipo."

"Mjomba, nisamehe. Wimbo huu tu, ukiisha namwita Didas anafungua. Mjomba?"

Hakuna.

"Mjomba Jabiri?"

Niligonga boksi kwa goti, mara moja, kisha kwa nguvu zaidi. Kitu kizito, kama bega la mtu aliyelegea, kiliegemea upande wa mbele kutoka ndani, taratibu, na kitambaa kikavimba kuelekea kwangu.

Bi Rukaiya aliona nimeondoa mkono mmoja kwenye kinanda. Akanyanyua kidole, bila kukatisha wimbo, akaagiza ubeti urudiwe.

Nikaurudia.